Siku Jogoo Wangu Alipowawikia Ndege wa Ulaya

Bora nijisemee mwenyewe. Hapa kambini Nakivale, Uganda, habari yangu imeshazunguka kutoka Base Camp mpaka kule chini ziwani, na kila anayeisimulia anaiongezea mguu mmoja: kuna wanaosema polisi wa Mbarara walinikamata nikiiba bata wa serikali, kuna wanaosema nilikutwa uchi mtoni (sikuwa uchi, nilivaa, ila kikwembe nilichojifunga kiunoni kilibaki mahali, nitafika hapo), na juzi mwanamke mmoja ambaye hata hanifahamu alikuja kununua dagaa kwenye meza yangu akanihadithia mkasa wangu mwenyewe huku ameshika mbavu kwa kicheko, nami nikacheka naye, nikampimia dagaa wake, nikamfungia, akaenda zake. Basi huyo mwanamke wa kwenye matope ni mimi. Aibu ni yangu, na leo mnaipata kwa mwenye nayo, bila nyongeza.

Mimi ni Mama Josué, Mkongomani wa upande wa Uvira. Wazazi wetu walibaki huko makaburini, kwa hiyo Fiston, mdogo wangu wa mwisho, nimemlea mimi, na alipokuja kuniambia amepata msichana wa kuoa nikajua mara moja kwamba baba wa kupeleka posa ni mimi, mama ni mimi, shangazi ni mimi, na kama padri angekosekana ningevaa kanzu vilevile. Fiston anachomelea milango ya chuma huko mjini Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, na msichana wake, Goreth, anakaa na wazazi wake ng'ambo ya mto, Nyamitanga. Ni Warundi, wakimbizi kama sisi, ila Wakatoliki wale wa misa ya alfajiri, watu wa sauti ya chini, ambao hata wakigombana unadhani wanasali rozari. Na sisi Wakongomani mnajua wanavyotusema: makelele, mavazi na kujionyesha. Kwa hiyo kabla ya safari Fiston alikuwa ananipigia simu kila jioni kunikumbusha jambo moja tu.

"Dada, tafazali, ile siku usiseme mingi. Nataka baone sisi pia tuko batu batulivu."

"Mimi ni mtulivu," nikamwambia.

Kesho yake jioni akapiga tena, na jambo lilelile.

Sasa zawadi. Fiston alitaka tupeleke sukari na sabuni, vitu ambavyo mtu anampelekea mgonjwa. Mimi nikasema hapana, kwetu mtu haendi kuomba mtoto wa watu na sabuni, watadhani tumewaona wachafu, tunapeleka kitu chenye uhai. Nikampata jogoo kwa mfugaji mmoja wa Ngarama, na jogoo huyo nataka mmuone vizuri: mwekundu, shingo ya dhahabu, mkia unaning'inia nyuma kama joho la askofu, na anatembea hivyohivyo, kama anayengoja watu wambusu pete. Asubuhi ya safari, kabla hakujapambazuka, nikamfunga miguu kwa kamba ya mgomba, nikamfunika kichwa na kipande cha kitambaa, nikamlaza ndani ya sakoshi yangu kubwa nyeusi, nikafunga zipu nikiacha nafasi ndogo ya kupumulia. Kuku ukimweka gizani analala. Hilo ni kweli kabisa, na njia nzima mpaka Mbarara hakutoa hata mguno, nami nikajisifu moyoni kwamba huyu ni jogoo wa Kirundi tayari.

Mpango ulikuwa twende moja kwa moja nyumbani kwao Nyamitanga. Lakini tulipokutana na Fiston (amenyoa, amepiga suti, anatoka jasho kama amepelekwa mahakamani), simu ikalia, alikuwa baba wa Goreth, Mzee Venuste. Akaomba radhi: kazini wamemzuia mpaka mchana, wageni ni wengi, basi kama hatutaona vibaya tupite kwanza pale anapofanya kazi, tuone kidogo, halafu twende nyumbani pamoja.

Kazi yenyewe ni ndege. Katikati ya mto Rwizi, hapohapo mjini, ambapo ukisimama unasikia boda zinapiga honi na unaona mabati ya maduka, kuna kisiwa kidogo cha matete na matope, na kwenye kisiwa hicho watu wamejenga kituo cha kulinda ndege wanaokuja kwa msimu. Huko Ulaya baridi ikianza, ndege wanakuja, kituo kinafunguliwa na Mzee Venuste anaitwa kazini. Ndege wakiondoka, kituo kinafungwa na Mzee Venuste anarudi kupalilia maharage ya watu. Kila msimu anangoja kuona kama ataitwa tena. Hilo Fiston alinieleza tukiwa njiani, na nilipaswa kulisikiliza zaidi ya nilivyolisikiliza.

Tukafika kwenye daraja la mbao la kuingilia kisiwani. Pembeni kulikuwa na kibao kilichochorwa kuku, na kuku mwenyewe amepigwa mstari mwekundu. Mimi nikadhani ni tangazo la hoteli, kwamba leo kuku wameisha. Askari wa getini akasimama.

"Mama, kitu ya kukula iko ndani?"

"Hapana," nikasema. Na sikumdanganya, maana aliyekuwa ndani alikuwa bado hajawa chakula.

"Bag kubwa hapana pita. Acha hapa kwangu, mimi nachunga."

Nikamwangalia yule askari. Alikuwa kijana mwenye afya, na nyuma ya kibanda chake nikaona mafiga matatu na sufuria. Nikaangalia sakoshi yangu. Nikaona jinsi nitakavyorudi mchana nikute manyoya. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, uamuzi wa kufumba na kufumbua: nikaishika sakoshi tumboni, nikashusha sauti, nikamwambia, "Afande, ndani ni nguo zangu za kike." Askari akaangalia pembeni haraka, akanipungia mkono nipite. Fiston, aliyekuwa anajua vizuri kilichomo, akaangalia mto.

Mwanzoni mwa daraja kulikuwa na karai la maji ya dawa, kila anayeingia anakanyaga humo, na tukakanyaga kama mitume wanaooshwa miguu Alhamisi Kuu. Mnaweza kujiuliza, mama huyu aliona kuku amepigwa mstari, akakanyaga dawa, na bado hakuelewa? Sikuelewa. Nilikuwa nakariri hotuba yangu ya posa kichwani, ile ya kuzunguka mbali, "sisi ni wapita njia, tumeona ua zuri ndani ya ua wenu," na akili yangu haina vyumba viwili.

Mzee Venuste alitupokea ng'ambo. Mrefu, mwembamba, amevaa gambuti na koti kubwa la kijani, darubini imening'inia kifuani, na anaongea kwa kunong'ona, hata salamu alininong'oneza.

"Karibu sana, mama. Nyumbani wanatungoja. Kwanza nikuonyeshe wageni wangu."

"Asante, mzee," nikanong'ona na mimi. Fiston akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Tukatembea taratibu kwenye njia ya mbao katikati ya matete, na mzee akawa anatueleza kwamba ndege hawa wamevuka bahari na jangwa, wengine ni wadogo kama ngumi ya mtoto, wamefika juzijuzi, wamechoka, wamekonda, wanahitaji kula na kupumzika bila kusumbuliwa, na wakishtuliwa sana siku hizi za mwanzo wanaweza kuhama wasionekane tena msimu mzima. Mimi nikawa nasikiliza na kushangaa. Sisi tulivuka mpaka, tukangoja, tukahojiwa, tukapigwa picha, tukabonyeza vidole kwenye mashine, tukaulizwa jina la babu, na hawa wanapita juu ya vichwa vya maafisa wote wa dunia wakiimba.

"Na hawa wanaandikishwa wapi?" nikamuuliza.

"Hapahapa. Tunawanasa kwa wavu mwembamba, tunawavisha pete mguuni yenye namba, halafu tunawaachia."

"Kumbe ni wakimbizi wenzetu."

Mzee akacheka kidogo, kwa pua, na Fiston akanikanyaga kidole cha mguu.

Akatuingiza kwenye kibanda cha kuchungulia. Ni chumba kirefu cha mbao, kina giza, kina benchi moja, na mbele yake kuna mpasuo mrefu kwenye ukuta unaotazama tope lililojaa ndege. Tuliwakuta Sista mmoja na wasichana wake wa shule, wamekaa wamebana magoti, na wazungu wawili, mume na mke, wenye kamera ndefu kama mchi. Nyuma kabisa alisimama mkubwa wa kituo, mama wa Kinyankole mwenye miwani, daktari wa wanyama, wote wanamwita Madamu Daktari. Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyepiga chafya. Nje kulikuwa na vitwitwi wanachokoachokoa tope, bata wamelala na vichwa vyao ubavuni, korongo weupe wamesimama mguu mmoja, na nikakiri moyoni kwamba ni pazuri, pazuri kuliko nilivyotarajia.

Kisha nikakumbuka kwamba mtu wangu hajatikisika muda mrefu.

Nikaipapasa sakoshi magotini. Kimya. Nikaitikisa. Kimya. Joto lilikuwa kali mle ndani na mimi nikaanza kuona mambo: naingia Nyamitanga, nasimama mbele ya ukoo wa watu, nafungua zipu, natoa maiti. Zawadi ya posa iliyokufa si zawadi tena, ni msiba umeupeleka kwa watu. Nikasema ngoja nimpe hewa kidogo tu. Nikavuta zipu, nikatoa kile kitambaa kichwani, nikainama kumwangalia.

Sasa nawaomba mjiweke mahali pa yule jogoo. Ameingizwa gizani usiku, amelala giza totoro, na ghafla anafunguliwa, na mwale wa jua unaingia kwenye ule mpasuo, unampiga usoni. Wewe ungefikiri nini? Alifikiri kumekucha. Akafanya kazi yake.

Aliwika kwa moyo wote. Aliwika kama aliyechelewa kazini. Ule mlio ukagonga mbao za kibanda, ukarudi, na nje nikaona vitwitwi wote wameinua vichwa kwa pamoja, wanatuangalia.

Ndani, wote wakageuka. Na mdomo wangu, mdomo uleule ambao Fiston alinionya juu yake, ukasema wenyewe, "Samahani. Ni simu."

"Nyabo," akasema Madamu Daktari kwa upole, ndivyo wanavyomwita mama huku, "simu zima."

Nikatoa simu yangu, nikabonyeza hapa na pale ili waone, huku mkono mwingine unavuta zipu ifunge, na zipu ikauma kitambaa cha ndani ikakataa kwenda mbele wala nyuma. Jogoo akawika tena. Sista akaninong'oneza kwa huruma, "Mama, inalia na imezimwa."

"Ni ya Kichina, Sista," nikamwambia. "Zenyewe ndivyo zilivyo."

Mzee Venuste alikuwa ananiangalia. Hakuwa na hasira, alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza ndege na kumtambua. Fiston alikuwa amefumba macho. Nami nikaibana sakoshi kwa mikono miwili kifuani kama mtu aliyekumbatia mtoto, na kwa juu, pale zipu ilipogoma, kikatokea kishungi chekundu, halafu jicho, halafu mdomo.

Msichana mmoja wa shule akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sista, simu ina kichwa."

Sijui kamba ya mgomba ilifunguka saa ngapi. Najua tu kwamba alinipiga bawa la uso, akaruka juu ya benchi, akakanyaga kamera ya mzungu, akapita kwenye mpasuo, akaangukia nje katikati ya tope. Na kisiwa chote kikaondoka. Sina namna nyingine ya kusema. Vitwitwi, bata, korongo, wote waliinuka kwa mara moja, mbawa zikavuma kama mvua inayokuja juu ya mabati, jua likazibwa, halafu kimya, na chini kukabaki tope tupu na jogoo wangu peke yake anajikung'uta, anaangalia huku na huku, kama Askofu aliyefika kanisani akakuta waumini wamekwenda.

Hapo mtu mwenye akili angekaa. Mimi nilitoka mbio. Nilifikiri nikimkamata upesi, wale wengine watarudi na watu watasahau (sijui kwa nini nilifikiri watu wanasahau haraka hivyo). Hatua za kwanza zilikwenda vizuri, zilizofuata zikazama mpaka magotini, kiatu kimoja kikabaki, nikakifuata, na cha pili kikabaki. Jogoo akanitazama nikija, akakimbia kwenye matete, nami nikajitupa nyuma yake, na ghafla nikahisi kitu kimenishika uso, mikono, nywele, shingo, pande zote, chepesi kama utando wa buibui. Ulikuwa ule wavu mwembamba. Ule wa kunasia wageni wadogo kama ngumi ya mtoto.

Kadiri nilivyojitikisa ndivyo ulivyonizungushia, mpaka nikawa nimesimama katikati ya matete, mikono juu, siwezi mbele siwezi nyuma, jogoo amepanda juu ya nguzo ya wavu, karibu na sikio langu, anawika. Kwenye ule mpasuo wa kibanda niliona vichwa vyote vimejipanga, vya wasichana, cha Sista, na kamera ya mzungu ikifanya kazi. Nilikuwa ndege mkubwa kuliko wote walionaswa msimu huo.

Mzee Venuste akaja polepole na gambuti zake.

"Usitikisike, mama," akaninong'oneza. "Ukitikisika unazidi kujifunga."

Akaanza kunifungua kwa vidole, uzi mmoja mmoja, kwa utaratibu uleule anaowafungulia nao ndege wake, bila kunilaumu. Mikono ikatoka, kichwa kikatoka. Lakini kikwembe kilikuwa kimejisokota kwenye wavu kabisa, na nilipopiga hatua ya kutoka, mimi nikaja, chenyewe kikabaki. Nikasimama mbele ya baba mkwe mtarajiwa wa mdogo wangu na kisketi changu cha ndani na tope mpaka mapajani. Mzee akageuza uso juu mbinguni, kama anayetafuta ndege wa mbali sana, akavua koti lake, akaninyooshea bila kuangalia. Kwa watu wetu mambo haya si madogo. Kuna wakwe ambao kwa jambo kama hilo hamuonani tena mpaka kifo.

Tulipofika kwenye njia ya mbao, mimi na koti, yeye na jogoo mikononi, Madamu Daktari alikuwa anatungoja. Sauti ya upole ilikuwa imekwisha.

"Hii kuku ni ya nani?" akauliza. "Nyinyi munajua ugonjwa ya ndege? Kuku moja mgonjwa inaweza maliza hii kisiwa yote. Nani alileta?"

"Ni wangu, Daktari," akasema Mzee Venuste.

Nikamgeukia. Alikuwa anaangalia mbele, amesimama wima, jogoo kwapani.

"Yako? Wewe, Venuste? Wewe mwenyewe uliweka ile kibao kwa daraja."

"Ni wangu. Nilitaka kumpeleka nyumbani."

"Hapana, ni yangu," akasema Fiston, akasogea mbele na suti yake. "Mimi njo nilimuleta."

Madamu Daktari akavua miwani. "Kuku moja, wenyewe wawili."

Ningeweza kunyamaza. Siku zote hizo niliombwa kunyamaza, na hapo ndipo kunyamaza kungenifaa kuliko saa yoyote: wanaume wawili wananibebea mzigo, na mimi mama mzima mwenye tope, nani angeniuliza. Lakini nikaona zile gambuti za mzee, nikakumbuka kwamba kila msimu anangoja kuitwa, na nikaona huyu mtu anaitupa kazi yake mtoni ili mimi nisiaibike, wakati aibu yangu ilishafika mwisho, haikuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Madamu, ni wangu mimi," nikasema. "Nilimficha kwenye sakoshi. Askari nilimdanganya, na huyu mzee hakujua kitu. Sisi ni watu wa Nakivale. Huyo jogoo nilimleta nije kumwombea mdogo wangu binti wa huyu mzee, ampe amuoe."

Basi ile hotuba yangu yote, wapita njia, ua na ua, ikaisha hivyo. Posa ya Fiston ilitolewa mbele ya daktari wa wanyama, bila kiti, bila kinywaji, na muombaji hana viatu. Wasichana wa shule wakaziba midomo. Sista akawatafsiria wazungu kwa Kiingereza, na yule mke wa mzungu akaweka mkono kifuani, akasema neno refu, na Sista hakulitafsiri.

Madamu Daktari alituangalia mmoja baada ya mwingine. Akasema jogoo atafungwa kwenye chumba cha karantini, atatolewa damu, atapimwa, hatatoka mpaka majibu yaje. Akasema mimi nipuliziwe dawa. Halafu akamgeukia mzee, akapunguza sauti, na hiyo sauti ndogo ikaniumiza kuliko ile kubwa.

"Venuste, hizi ndege kama hazirudi leo, mimi na wewe tutaongea."

Nikapuliziwa dawa miguu na mikono kwa ile pampu ya kupulizia nyanya. Jogoo akapita mbele yangu amebebwa, na nilipochungulia chumba alichowekwa nikaona wanampiga picha, wanamvisha pete yenye namba mguuni, wanaandika rangi yake. Nikamwambia kimoyomoyo, ndugu, vumilia, na sisi tulianza hivyohivyo.

Kisha tukangoja. Tulikaa kwenye gogo karibu na kibanda, Mzee Venuste, mimi na Fiston. Wageni wengine walikwenda. Jua likaanza kushuka upande wa mji, tope liko palepale, tupu. Fiston alikuwa ameinamisha kichwa mpaka tai inagusa magoti, na nilijua anamfikiria Goreth, na nilijua pia kwamba kama yule mzee atapoteza kazi kwa sababu yetu, hakuna hotuba duniani itakayomrudisha Fiston kwenye ile nyumba.

"Mzee," nikamwambia, "kwa nini ulisema ni wako?"

"Wewe ni mgeni wangu. Mgeni wangu haaibiki mahali pangu pa kazi." Halafu akaongeza, bila kucheka, "Na nilijua Daktari hataamini."

"Wasiporudi je?"

"Watarudi. Wana njaa, na hawana kwingine." Akainua darubini, akaishusha. "Mimi huwa nawauliza, njiani kukoje. Wao kila mwaka wanarudi kwao."

Sikumjibu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kunyamaza kwangu kulitoka ndani.

Wa kwanza alikuwa kitwitwi mmoja, mdogo, sikumuona akishuka, nilimuona tu yuko pale anachokoa tope kama mtu aliyesahau kitu. Mzee akaniwekea mkono hewani, kwamba nisitikisike. Wakaja wawili, wakaja wengi, bata wakateremka majini kwa kishindo, na mwisho korongo, wakizunguka juu ya mabati ya maduka, wakining'iniza miguu, wakatua mmoja baada ya mwingine, wakasimama mguu mmoja kama mwanzo. Fiston alikuwa analia na hakujificha. Madamu Daktari alitoka ofisini, akasimama nyuma yetu, akaangalia muda mrefu na darubini yake.

"Venuste," akasema, "peleka wageni yako nyumbani. Kesho kuja mapema." Akageuka, halafu akageuka tena. "Na wewe, nyabo, hongera ya harusi. Hapa kwangu usirudi na bag."

Nyumbani Nyamitanga niliingia nimevaa koti la mwenye nyumba na gambuti zake, yeye mwenyewe akitembea na ndala alizoazima kwa askari. Mama yake Goreth alikuwa ametandika vitambaa vyeupe kwenye viti vyote, na jamaa wamekaa wamenyooka kama wako kanisani. Alinitazama toka juu mpaka chini, na yule mama hakuuliza swali, alileta maji ya moto na kikwembe chake mwenyewe, kile cha sikukuu. Nilipotoka chumbani nimevaa nikakuta Mzee Venuste ameshaanza kuwasimulia, na yule mtu wa kunong'ona, niwaambieni, alisimama katikati ya sebule akawika. Aliigiza jogoo, akaniigiza mimi na mikono juu kwenye wavu, akamuigiza Sista, na wale Warundi watulivu wa rozari walicheka mpaka viti vikasogea na vitambaa vikaanguka chini. Goreth alitoka jikoni akasimama mlangoni, akacheka huku anamwangalia Fiston, na Fiston akajua yamekwisha.

Nilijaribu kuanza hotuba yangu. Mama Goreth akanishika mkono. "Kaa, mama. Tumesikia mmeshaposa. Sisi tumekubali tangu kwenye matope, sasa kula."

Harusi ilifungwa baada ya Pasaka. Jogoo alitoka karantini mzima wa afya, Mzee Venuste akamleta nyumbani na pete yake mguuni, na Mama Goreth akamchinja siku ileile, akasema mtu wa vurugu kama huyo hataki azaane uani kwake. Watu wanasema alikuwa mgumu, walimchemsha tangu asubuhi. Mimi sikualikwa kumla na sikuomba.

Tangu siku hiyo nimejiwekea sheria. Nikialikwa kwa watu naenda na mikono mitupu, nasalimia, nakaa, na sakoshi yangu naiacha nyumbani ikiwa wazi ili kila mtu aone haina kitu. Najua wanavyonisema huku nyuma, kwamba Mama Josué siku hizi amekuwa mchoyo. Waseme tu. Uchoyo hauwiki.